Mkato wa Saa Tisa Usiku

Mchana chuma hakisemi kweli.
Jua la Kizota likishagonga bati,
pete ya mita tatu inanenepa,
theluthi ya milimita kwa kila nyuzi kumi za joto,
na sisi ruhusa yetu ya kukosea
ni pointi sifuri mbili.

Kwa hiyo tunangoja usiku.
Feni zimezimwa. Nyufa za milango tumezisokotea magunia,
maana vumbi la Dodoma halibishi hodi.
Pete imelala juu ya meza ya mashine tangu juzi,
tani kumi na moja,
ikipoa taratibu kama mgonjwa anayeshuka homa.

Fundi Mahinyila hatumii sikio la kushoto;
liliuawa na nyundo za karakana ya reli
mimi sijazaliwa.
La kulia linamtosha. Anauma bisibisi kwa meno,
ncha anaikita kwenye kifua cha mashine,
anaisikia gololi moja inayolalamika kati ya arobaini.

"Treni?" anauliza.
Nenelwa anatazama simu. "Ya mizigo bado. Ndiyo inatoka Ihumwa."
Tunasimama.
Inapita. Sakafu inatetemeka kidogo,
kwa kiasi ambacho chai kikombeni haina habari nacho,
lakini kisu kingejua.

Pete hii ni mdomo wa kasha.
Itapelekwa mbali, kwenye mitambo ya nyuklia,
na ndani ya kasha watatia kuni
zilizokwisha kuwaka
ila zinakataa kuwa majivu.
Kifuniko kitakaa juu ya uso huu ninaoukata
miaka mia, wanasema. Labda zaidi.
Hakuna jicho litakaloutazama tena.
Nilimuuliza Mahinyila: sasa tunamng'arishia nani?
Akafuta miwani kwa shati.
"Shika zamu yako," akasema.

Saa tisa na robo.
Meza inazunguka, kisu kinagusa,
chuma kinatoka utepe,
mwembamba, rangi ya nyasi za Oktoba,
unajikunja, unakatika, unaanguka, unafuata mwingine.
Dakika arobaini bila mtu kukohoa.

Mara sauti ikageuka.
Kitu chembamba, kikali, kikilia pembeni ya mlio wa mashine.
Mkono wangu ukaruka kwenye kitufe chekundu
na mkono wa Mahinyila ukanidaka kiganjani.
Hakuniangalia. Tukasikiliza wote wawili,
jasho likinishuka mgongoni kama mdudu.
Kumbe alikuwa mdudu kweli:
nyenje, chini ya kabati la vifaa,
akiimba kwa sauti ya kisu kinachokufa.

Mkato ukafika mwisho.
Nenelwa akavaa glavu, akashika maikromita ndefu kwa vishikizo vya mbao,
uso akaugeuza pembeni apumulie huko,
asiipashe pete moto kwa pumzi yake.
Akapima mara tatu, sehemu sita.
"Sifuri pointi sifuri moja,"
akasema, akaketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha.

Hakuna aliyeshangilia.
Mahinyila aliipaka mafuta, akaifunika turubai
kama mtu anayefunika ndoo ya maji ya kunywa,
akaenda kumtafuta yule nyenje kwa tochi.
Hakumpata. Nadhani hakutaka kumpata.

Alfajiri nikashuka kwa miguu hadi Chang'ombe.
Kipande cha utepe kilikuwa kimenasa kwenye soli,
kikikwaruza lami, hatua kwa hatua,
mbwa wa watu wakiniamkia ukutani.

Mlango wangu ni wa mninga, nilikopa kwa shemeji,
na kila mwaka ukame unaukausha, unapinda.
Upepo ulikuwa umepita chini yake usiku kucha;
daftari la mtoto, pale mkekani, limejaa vumbi,
hesabu zake za kujumlisha hazisomeki.
Nikainama kuutazama mwanya.
Milimita kumi na mbili, kwa jicho.
Nikakunja kitenge kuukuu,
nikauziba,
nikalala na viatu.